Ukuta wa Bibi

Siku tuliyomzika baba, mtani wetu mmoja, mzee wa Kiha anayeziba pancha za baiskeli pale kijijini kwetu Mhunze, alivaa koti la marehemu, akavuta kigoda katikati ya waombolezaji, akakaa. Akainamisha shingo kama mtu anayechungulia kisimani. Akainua kidole kimoja, kinatetemeka, akakishusha taratibu juu ya goti lake. Ka! Kisha akaruka, mikono kichwani: "Jamani, nimemfuta mama!"

Msiba mzima ulicheka. Watani ndiyo kazi yao, kumwigiza marehemu ili wafiwa wapate kupumua. Shangazi yangu alicheka mpaka khanga ikamdondoka begani. Na mimi nilicheka. Nilicheka kwa sauti, nikajipangusa macho, na mama mmoja akanipapasa mgongo, "Cheka, mwanetu, cheka tu, utapoa." Katika watu wote waliokaa pale kwenye turubai, ni mimi peke yangu niliyejua kwamba kidole kile kilikuwa kinasingiziwa.

Wa rika langu mnazikumbuka zile kompyuta za mezani, zenye kisogo kikubwa kama kapu la sokoni, na kitambaa cha kufuma juu yake ili vumbi lisiingie. Yetu ilikaa sebuleni, Nyasubi, hapo Kahama mjini, kati ya kabati la vyombo na picha ya harusi ya wazazi. Baba alikuwa fundi wa makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, huko Geita. Alikuja nyumbani mwisho wa mwezi akinuka grisi na udongo mwekundu, na mpaka leo nikipita karibu na gereji nikaikuta ile harufu ya grisi iliyopigwa jua, moyo unanishtuka kana kwamba nimeitwa. Kompyuta aliinunua mtumba kutoka ofisi moja iliyokuwa inafungwa. Aliipakata kwenye basi njia nzima, akagoma kuiweka kwenye buti.

Baba alikuwa hodari wa kila kitu chenye nati. Karasha likilia vibaya, alitega sikio tu akakuambia beringi gani imekufa. Lakini mbele ya ile kompyuta alikuwa mtoto mchanga. Haikuwa na nati, na ilisema Kiingereza. Mimi nilikuwa darasa la sita, nimesoma shule ya Kiingereza kwa jasho lake, kwa hiyo nikawa mkalimani. Maneno yakitokea kwenye kioo, ananiita, "Mayu, njoo, inasemaje huyu?"

Mayu ni mama kwa Kisukuma. Aliniita hivyo kwa sababu nilirithi jina la mama yake, bibi yetu Minza wa Mhunze. Kwetu mtoto akipewa jina la mtu, amepewa mtu mzima mzima. Baba hakuwahi kunikaripia bila kwanza kusema "samahani, mayu." Majirani walicheka. Mimi nilivimba kichwa.

Bibi Minza alikuwa ameanza kusahau. Alikuwa akiweka chungu jikoni na kukitafuta chini ya kitanda. Ila mambo ya zamani alikuwa nayo yote: nani alimzaa nani, nani alihama kutoka wapi na ng'ombe wangapi, nani amelala chini ya mkuyu upi, jina gani lilipewa nani na kwa nini. Baba alikuwa kitindamimba, na ujana wake wote aliumalizia machimboni. Wenzake walipokuwa wanakaa na wazee, yeye alikuwa shimoni. Sasa akashikwa na hofu. Akapata kamera ndogo, akawa kila akienda Mhunze anamrekodi mama yake.

Bibi alikubali kusema, lakini kuonekana akakataa katakata. "Unataka uso wangu ubaki unaongea nikiwa nimeshakufa? Watoto wataota ndoto mbaya." Baba akambembeleza wee, wapi. Mwisho wakapatana: kamera iwekwe juu ya kigoda, itazame ukutani, naye akae pembeni aseme. Kwa hiyo zile video zote, na zilikuwa nyingi, kila moja saa nzima na ushei, zinaonyesha ukuta wa udongo uliopasuka pembeni, msumari mmoja, na ungo uliotundikwa kwenye msumari. Mara moja moja kuku anapita. Baba alizihamishia kwenye kompyuta kwenye folda aliloniomba niliandike MAMA, kwa herufi kubwa. "Siwezi kuzisikiliza kwa haraka haraka," alisema. "Nikiacha kazi ya shimo, nitakaa kwenye kiti hiki nimsikilize mama taratibu, nikiandika." Alikuwa ameshanunua hata daftari.

Na mimi nilikuwa na folda langu. Hapo nisimame niseme ukweli, maana ndipo ubaya wote ulipoanzia. Nilikuwa na filamu. Za kupigana, za Kihindi, zile zilizotafsiriwa kwa Kiswahili na jamaa anayepiga kelele kuliko mabomu yenyewe. Kila Jumamosi mchana watoto wa mtaa mzima walijaa sebuleni kwetu, viatu mlangoni, na mimi ndiye niliyeamua nani akae mbele. Shuleni nilikuwa nachekwa kwa Kisukuma kilichonikaa ulimini, wananiita mshamba. Jumamosi hakuna aliyethubutu. Hata yule kiranja aliyekuwa ananiigiza ninavyosoma, alikuja na karanga mkononi: "Minza, nikae wapi?"

Basi siku moja pale chini ya kioo, kona ya kulia, kikatokea kijipuli cha manjano, kama puto lenye maandishi. Kilisema diski inakaribia kujaa. Nilikifunga. Kikarudi. Nilikifunga tena, kikarudi tena, tena katikati ya mapigano, watoto wakaguna. Baba alipokuja mwisho wa mwezi nikamtafsiria: "Inasema imeshiba."

"Imeshiba nini?"

"Vitu tulivyoweka."

Alizunguka nyuma ya lile boksi, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza kama anavyosikiliza karasha. Kisha akampigia fundi wa steshenari moja pale sokoni. Fundi akasema kwa sauti tuliyoisikia wote: "Mzee, punguza filamu! Filamu ndizo zinazokula nafasi."

Baba akakata simu, akanitazama kwa huruma. "Samahani, mayu. Filamu zako zitoke. Bakiza mbili tatu. Fanya wewe, mimi naogopa kushika." Asubuhi yake akarudi Geita.

Nilifuta moja. Filamu mbovu, isiyo na mwisho. Kijipuli kikarudi. Nikafuta nyingine. Kikarudi. Mawazo yangu ya kitoto yalikuwa haya: ile mashine ni kama kihenge cha bibi, ukitoa debe moja la mtama lazima uone limepungua. Sasa hii natoa, haipungui! Nikaamini kuna kitu kizito mno humo ndani, kimekaa chini kabisa, kinakandamiza. Nikajifunza kupanga mafaili kwa ukubwa. Juu kabisa, kuliko filamu zangu zote, likatokea folda la MAMA.

Nililifungua. Sitasema sikulifungua. Nikabonyeza video ya kwanza: ukuta, msumari, ungo. Sauti ya baba, "Mwangaluka, mayu." Sauti ya bibi, "Mwangaluka." Mhola? Mhola. Watoto je? Mhola. Ng'ombe? Mvua? Safari? Wa huko ulikotoka? Mhola, mhola, mhola duhu, yaani salama, salama tu. Nyie mnaojua salamu za Kisukuma mnajua hazikimbizwi. Mtu aliyetoka mbali husalimiwa mpaka vumbi la njiani limtoke. Mimi nilisubiri dakika tano. Nikafungua ya pili. Ukuta. Mhola. Ya tatu, ukuta, kuku, mhola. Sikuruka mbele hata mara moja. Nikajiambia: ni salamu tu hizi. Saa nzima wanasalimiana wanatazama ukuta! Na kwa sababu ni Kisukuma, na Kisukuma ndicho kilichokuwa kinanifanya nichekwe shuleni, nilisikia hata uchungu kwamba ndicho kilichojaza kompyuta yetu mpaka filamu zangu zinafukuzwa.

Nikafuta ukuta wote. Folda lenyewe pia.

Kijipuli kikarudi.

Hapo nikachanganyikiwa kabisa. Nikaiacha, nikawa nakifunga tu kila kinapotokea, kama mtu anayefukuza nzi kwenye chai. Baba aliporudi akakikuta bado kipo, akampigia tena fundi. Fundi akacheka. "Mmefuta, lakini mmemwaga pipa? Kitu ukikifuta kinakwenda kwenye pipa la takataka, kimo humo humo ndani. Usipomwaga pipa ni kazi bure."

Mnaona? Kumbe vilikuwepo. Bibi na kuta zake zote alikuwa bado yumo, palepale kwenye picha ya kijipipa, na ningeweza kumrudisha kwa kubonyeza mara mbili. Nilijua. Nilisimama nyuma ya kiti cha baba, naliona lile pipa, najua nani yumo.

Safari hii baba alitaka ashike mwenyewe, maana fundi alimwambia ni jambo dogo. Akakishika kipanya kwa mkono mzima kama anashika nyundo. Pipa likafunguka nusu, orodha ya majina ya mafaili kwa herufi na namba asizozielewa. Akageuka.

"Mayu, humu kuna kitu cha maana?"

Ningesema. Jamani, ningesema tu, angenisamehe kabla sijamaliza. Lakini angeuliza kwa nini filamu zangu zipo na mama yake hayupo. Na Jumamosi ilikuwa kesho.

"Hakuna, baba. Takataka tu."

Akabonyeza. Kikatokea kibao kinauliza. "Inasemaje huyu?"

"Inauliza kama una uhakika."

Akanitazama akitabasamu, kidole juu, kinatetemeka kidogo kama kawaida yake mbele ya mashine ile. "Nina uhakika, mayu?"

"Una uhakika, baba."

Ka.

Kijipuli hakikurudi tena. Baba alifurahi, akasema nyumba yetu sasa ina mafundi wawili, akaninunulia soda mbili dukani, moja ya kwangu na moja ya kwangu tena. Nilizinywa zote. Na nafasi iliyopatikana, nikaijaza filamu mpya.

Bibi Minza alifariki baada ya mavuno. Alilala mchana, asiamke tena, kifo cha heshima. Tulimzika Mhunze, na matanga yalipokwisha baba akawaambia ndugu zake, "Msilie sana. Mama yupo nyumbani kwangu. Njooni mumsikie." Wakaja Nyasubi, baba mkubwa na fimbo yake, shangazi, binamu wawili, wamevaa nguo za kanisani. Mama akapika wali na kuku. Wakajipanga sebuleni, pale pale walipokuwa wanakaa watoto wa Jumamosi. Baba akakitoa kitambaa cha kufuma, akakikunja, akakiweka kando. Hata mimi nilikuwa sijaamini kwamba siku hiyo ingefika. Mtoto hudhani kitu kisipotajwa kimekwisha.

Akatafuta. Akatafuta. Jasho likamtoka kisogoni. "Mayu, lile folda la mama liko wapi?" Nikainama kama ninayetafuta na mimi. Nilisogeza kipanya huku na huku, nikafungua hiki nikafunga kile, mbele ya wazee waliotoka mbali. Kisha nikasema silioni.

Halafu nikaona uso wa baba ukibadilika, taratibu, kama wa mtu anayekumbuka kitu. Akautazama mkono wake wa kulia.

"Lile pipa," alisema. "Siku ile ya pipa. Nilishika mwenyewe. Jamani, nimemfuta mama."

Shangazi akapiga yowe kama vile msiba umeanza upya. Baba mkubwa akasema maneno ambayo baba aliyabeba mpaka kaburini: "Ulimtoa mama kwenye masikio yetu ukampa mashine, halafu ukamtupa." Baba hakujitetea. Aligeuka kwangu tu, kwa upole, akitafuta shahidi. "Ilituuliza kama tuna uhakika, si ndiyo, mayu?"

"Ndiyo," nikasema.

Neno moja hilo. Kesho yake alilifunga lile boksi kwenye baiskeli akalipeleka kwa fundi, nikamfuata nyuma. Fundi akasema kitu kilichomwagwa wakati mwingine hupatikana, mradi hakijawekewa kitu juu. "Mmeweka vitu vipya?" Baba akasema hapana, hakuna aliyegusa. Fundi akafungua, akaziona filamu zangu mpya zimejaa, akanitupia jicho mara moja. Akasema, "Haiwezekani tena, mzee." Hakunisema. Nami nikamshukuru moyoni, mjinga mimi, badala ya kutamani anichongee.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikuwa fupi, ilinichukua miaka yote. Baba hakuigusa kompyuta tena, wala simu kubwa hakutaka. Alibaki na kitochi, kile kisimu cha vitufe, mpaka mwisho. Ndugu walimsamehe kwa njia ya kwetu, yaani kwa kumtania. Harusini, ubatizoni, mtu akipoteza hata kofia: "Muulizeni huyu, labda kaifuta!" Alicheka nao. Nilipojifungua mtoto wa kiume nikamwomba baba jina la babu yake yeye, mzaa baba, nimpe mtoto. "Nilimjua kwa jina la ubatizo tu, mayu. Lile la nyumbani mama alilisema siku tuliporekodi, nikasema nitakuja kuliandika." Akaniomba msamaha. Yeye, akaniomba mimi. Nikasema, "Usijali, baba."

Mara ngapi nilikaribia kumwambia? Nilikuwa nafika mpaka mlangoni pa neno, naona alivyozeeka, nasema nitamuumiza bure. Uongo mwingine huo. Nilikuwa najilinda mwenyewe, kama siku ile ya pipa.

Sasa rudi msibani, maana hadithi yenyewe iliishia huko. Siku iliyofuata mazishi, shangazi alisema kwa uchungu, "Na huyu naye kaondoka bila sauti." Mwanangu, ana miaka kumi na mbili, akasema, "Sauti ya babu ninayo mimi." Alikuwa amemrekodi likizo iliyopita, kwenye simu yangu, kwa kucheza tu. Mimi sikujua. Simu yenyewe ilikuwa inanisumbua miezi kwamba imejaa, na nilikuwa nimefuta picha ovyo ovyo.

Wakaiweka simu juu ya kigoda. Wakainama wote, baba mkubwa akiwa haoni vizuri tena, mkono sikioni. Baba akasikika. Akamsalimia mjukuu kwa Kisukuma, na mtoto akajibu kwa kubahatisha: mhola, mhola duhu. Habari za shule, za safari, za mama yako, za wote ulikotoka. Ilichukua muda mrefu, na hakuna aliyesogea. Mama mmoja alikuwa anaitikia kimoyomoyo, midomo inacheza. Nikaelewa, nikiwa na umri huu, kwamba hata kama bibi angekuwa hakusema kingine, salamu peke yake zingetosha kutunzwa.

Kisha mwanangu akauliza, "Babu, na simu ikijaa?" Na baba, kwa ile sauti yake ya kucheka huku anahema: "Ikijaa usiguse, mjukuu wangu. Mwite mama yako. Yeye anajua kusoma, na mkono wake ni safi, hajawahi kupoteza kitu. Mimi babu yako ndiye niliyemfuta mama yangu."

Watu wakaguna kwa huruma. Yule mtani aliyevaa koti jana yake akainama, akasema, "Maskini."

"Si yeye," nikasema.

Sikujua kama ningesema. Shangazi akanyoosha mkono akaisimamisha simu. Nikawaeleza yote: filamu, Jumamosi, ukuta, pipa, "takataka tu", "una uhakika, baba." Niliwaeleza mbele ya mwanangu. Baba mkubwa alikuwa anaigonga fimbo yake chini polepole, tena na tena, na akaacha. Hakuna aliyenipigia kelele. Nilikuwa nazitaka hizo kelele.

Shangazi alikunja na kukunjua ncha ya khanga yake.

"Haya, mayu," akasema mwishowe. "Sisi umetuambia. Yeye nani atamwambia?"